Mbwa wa Kizingitini

Siku Firauni wa katuni alipotokea kwenye runinga ya jirani, watoto zaidi ya kumi tulikimbilia mlango mmoja. Mwingine akaacha kandambili, mimi nikaacha mtandio. Rafiki yangu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kuliko sote, hakutoka. Nilipogeuka nikamwona amesimama palepale mkekani, kiganja kimoja kaziba macho, mkono wa pili kaunyoosha nyuma ananipapasa hewani. "Rudi," akasema, "rudi tuone kama mbwa atapona."

Nikarudi. Hofu ilikuwa bado ipo yote, haikupungua hata chembe, ila ule mkono ulikuwa unanitafuta mimi.

Hiyo ilikuwa Ngamiani, hapa Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nami nipo darasa la tatu. Mtaa mzima ulikuwa na dishi moja, la jirani yetu aliyekuwa akifanya kazi bandarini. Alasiri tukitoka chuoni, chuo cha Qurani, mkewe alitufungulia sebule. Masharti yake yalikuwa mawili: juzuu ziwekwe juu ya kabati, na miguu ioshwe bombani kabla ya kukanyaga mkeka. Ukishatimiza hayo, sebule ni yako mpaka adhana ya magharibi.

Huyo Firauni, waliomchora walimwita King Ramses. Wezi wameiba kibao cha jiwe kaburini mwake, kibao kikaishia kwenye shamba la wazee wawili na mbwa wao, na mfalme mwenyewe akaja usiku kukidai. Mwembamba, mrefu, anayumba kama nguo iliyoanikwa siku ya kusi, sauti inamtoka kama ya mtu aliye chini ya kisima. Mzee wa nyumba anakataa kukitoa kwa sababu ameambiwa kina thamani kubwa. Yakaja maji yakajaa nyumba. Ukaja muziki usiozimika. Wakaja nzige. Walipofika nzige ndipo sisi wa chuoni tulipopagawa, maana mwalimu alikuwa ametusomesha majuma machache nyuma adhabu za watu wa Firauni: tufani, nzige, chawa, vyura na damu. Hatukuwa tukiona katuni tena. Tuliona jambo tulilolijua limetokea kweli, na limetufuata hadi barabara za Ngamiani.

Katuni yenyewe inaitwa Courage the Cowardly Dog. Jina lake lina ubishi ndani yake: ni mbwa mwoga, na jina lake ni Ujasiri. Aliyeibuni ni Mmarekani, John R. Dilworth. Alianza na filamu fupi iliyoonyeshwa mwaka 1996, ya mbwa anayepambana na kuku aliyetoka anga za mbali, ikateuliwa kuwania Oscar. Kisha Cartoon Network wakampa nafasi ya mfululizo mzima, kuanzia Novemba 1999 hadi Novemba 2002, vipindi 52, vingi vyake vikiwa na visa viwili viwili. Hayo nimeyajua ukubwani. Wakati ule Kiingereza hatukukijua, na kile cha yule bibi, chenye lafudhi ya Uskoti, hata mwalimu wetu wa shule nadhani kingempiga chenga. Tulifuata picha. Mbwa tukamwita Karaji. Muriel, ajuza mnene mwenye miwani ya duara, akawa Bibi Miwani. Mumewe Eustace, mkali, mchoyo, kofia imemshuka hadi machoni, akawa Babu Kofia.

Wanaishi mahali paitwapo Nowhere, jimbo la Kansas, na jina hilo maana yake ni hakuna mahali. Nyumba moja ya mbao, kinu cha upepo, na tambarare kavu isiyo na jirani wa kuitikia hodi. Kwa mtoto wa Ngamiani hilo lilitisha kuliko madubwana yenyewe. Kwetu ukipiga kelele moja usiku, nyumba nne zinauliza kuna nini. Pale unapiga kelele na upepo ndio unaokujibu. Muriel alimwokota Karaji akiwa kitoto kilichotupwa, na kuna kisa kimoja cha baadaye kinachoonyesha jinsi alivyotenganishwa na wazazi wake na daktari wa mifugo katili. Mbwa yule hana mwingine duniani ila ajuza huyo.

Bibi yangu ndiye aliyekuwa akija kunichukua. Runinga haikuwa starehe yake. Alisimama mlangoni na kanga zake mbili, akapiga hodi, akasema, "Mke mwenzangu, magharibi hiyo," nami nikanyanyuka. Siku moja hodi ikapigwa na yale maneno mengine yasije. Nikageuka. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, macho kwenye kioo, ambako Muriel alikuwa kwenye kiti chake cha kubembea na Karaji amejikunja mapajani mwake.

"Mbwa anapakatwa?" akauliza.

"Ndio mambo yao, Bibi," jirani akamjibu. "Karibu ndani ukae."

Hakukaa. Kwetu mbwa ni wa nje. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, na bibi alikuwa mtu wa kuhesabu zile mara saba kwa sauti. Lakini kesho yake alifika mapema kidogo. Kesho kutwa mapema zaidi. Daima alisimama palepale mlangoni, nusu yake ndani, nusu yake barazani, na tukitembea kurudi nyumbani alianza mwenyewe: "Mbwa wetu leo alikuwa analilia nini?" Sikumwuliza tangu lini amekuwa wetu. Nilimweleza nilichodhani nimekielewa, naye akanisahihisha kwa alichodhani amekielewa yeye. Hakuna kati yetu aliyekuwa na neno hata moja la Kiingereza, na sikumbuki tukipotea njia.

Usiku mmoja umeme ukiwa umekatika akanisimulia watu wa pangoni, As-habul Kahf. Suratul Kahf aliisoma kila Ijumaa, hivyo kisa kilikuwa mdomoni mwake kama salamu. Vijana walimkimbia mfalme dhalimu, wakaingia pangoni, Mwenyezi Mungu akawalaza miaka mia tatu na tisa juu yake. Na mbwa wao akanyoosha miguu yake ya mbele kizingitini.

"Hakuingia ndani?"

"Alikaa mlangoni. Lakini hakuwaacha."

"Alikuwa anaogopa?"

Akafikiri. Kibatari kilikuwa katikati yetu na sikumwona macho. "Anayekaa mlangoni ndiye anayeona kwanza kinachokuja," akasema. "Ataachaje kuogopa?"

Nimeishi na jibu hilo muda mrefu, na ndilo lililonirudisha kwenye katuni hii nikiwa mtu mzima mwenye mtoto. Nimezitazama tena karibu zote, usiku, kwa simu, nikitafuta kitu nilichokihisi bila kukijua jina. Nadhani nimekipata. Karaji hapungui woga. Katuni nyingi za watoto zina mwendo mmoja: mtoto anaogopa kitu, rafiki anamtia moyo, anakikabili kitu, anagundua hakikuwa cha kutisha, hofu inaisha, wimbo unaimbwa. Dilworth hakufanya hivyo. Vipindi 52, na katika cha mwisho mbwa anatetemeka kama alivyotetemeka katika cha kwanza. Meno yanagongana, macho yanamtoka, anapiga ukelele unaopasua masikio. Halafu anakwenda. Ana maneno aliyozoea kuyasema kabla ya kujitumbukiza hatarini, kwamba mambo anayoyafanya anayafanya kwa ajili ya mapenzi. Anayasema kwa unyonge, kama mtu anayebeba ndoo ya maji ambayo anajua itamlowesha.

Na hofu yake ni ya haki. Hilo watu wazima hatulipendi. Tunapenda kumwambia mtoto "hakuna kitu, lala." Kule Nowhere kitu kipo. Anayebisha hodi kweli ana nia mbaya, paka mwekundu aitwaye Katz kweli anataka kuwaua wageni wake, na anayeliona ni mdogo wa nyumba peke yake.

Kisha anakwenda kuwaambia. Hapa ndipo ninapopenda kuliko pote. Karaji maneno hayamtoki, hivyo anajigeuza umbo. Mwili wake unakuwa lile dubwana lenyewe, pembe, mbawa, meno, anaonyesha lilikotoka na litakachofanya, yote kwa sekunde chache. Babu Kofia anamwita mbwa mjinga, anavaa barakoa kubwa ya kijani na kumrukia kwa kelele, mbwa anaruka juu. Bibi Miwani anampapasa kichwa na kumpoza. Wote wawili hawajaelewa kitu. Mmoja kwa ukatili, mmoja kwa upole, lakini hawajaelewa. Basi anapanda darini kuiuliza kompyuta, nayo inamjibu kwa kejeli.

Mwanangu ana miaka sita na anaogopa giza. Umeme ukikatika ananirukia shingoni. Kwa muda mrefu nilimwambia yale niliyoambiwa: wewe mwanaume, usiogope, hakuna kitu. Usiku mmoja nikaacha. Nikamwambia, "Nionyeshe. Kikoje?" Akateremka kitandani, akasimama gizani, akapanua mabega, akainamisha kichwa upande mmoja, akaninginiza mikono. Akawa ndicho chenyewe. Nikawasha tochi ya simu nikaangaza alikokuwa akitazama, nikaliona koti la mvua la baba yake limetundikwa nyuma ya mlango, limepanua mabega, kofia yake imeinama upande mmoja. Sikumwambia "unaona, ni koti tu." Lilikuwa linatisha. Hata mimi lilinitisha. Tuliliondoa pamoja, yeye kashika mkono mmoja wa koti, mimi mwingine, tukalipeleka kulilaza kwenye sanduku.

Katuni yenyewe bado sijamwachia aione. Nasema hili kwa mzazi atakayetaka kuitafuta: si ya mtoto mdogo, labda kuanzia miaka minane au tisa, na asiitazame peke yake. Kuna visa vinavyokaa kichwani vibaya. Sisi tulivistahimili kwa sababu tulikuwa kumi na zaidi kwenye mkeka mmoja.

Kabla sijasahau Amboni. Tulikuwa darasa la sita, ziara ya shule, kilomita nane hivi kaskazini mwa mji kwenye njia ya kwenda Horohoro. Mapango yale ya mawe ya chokaa yapo kumi, na moja ndilo wanaloingizwa wageni. Wa Tanga wanayajua: popo, unyevu, harufu ya kinyesi cha popo inayokukaba koo, mahali unapopita umeinama na mahali unapopita kwa tumbo. Kuna sehemu ya mizimu ambako watu huacha marashi na sarafu. Tuliambiwa habari za Osale Otango, aliyejificha humo miaka ya 1950 akiwindwa na serikali ya mkoloni. Tukaambiwa na ile hadithi ambayo waongozaji wa pale huisimulia sana: Wazungu wawili waliingia na mbwa wao, hawakuonekana tena, mbwa peke yake ndiye aliyetokea baada ya muda mrefu, huko upande wa Kilimanjaro.

Rafiki yangu akanyoosha mkono kama yuko darasani. "Mbwa alikuwa anawatafuta wao, au alikuwa anatafuta mlango?"

Mwongozaji akatabasamu, hakuwa na jibu. Akasema sasa tutazima taa, ili tuone giza la pango likoje.

Sijawahi kuona giza la namna ile tena. Unafumba jicho, unafumbua, hakuna tofauti. Nikasikia pumzi zangu zinakatika, nikasikia popo, nikaanza kulia kwa sauti mbele ya darasa zima. Mkono ukanishika. Kiganja chake kilikuwa kimelowa chepechepe, kinateleza, ikabidi tufumbate vidole kwa nguvu. Hakuniambia nisiogope. Aliniambia, "Mpigie kelele Karaji." Basi tukapiga, ule ukelele wake, wote wawili, kwa nguvu zetu zote, na pango likaturudishia, na darasa zima likapiga, hadi mwongozaji akawasha taa akicheka. Kwenye basi tukirudi rafiki yangu akaniambia kwa sauti ndogo: "Mimi ndiye niliyetaka kushikwa. Nikaona nikikusubiri wewe tutakufa wote."

Nimelifikiria neno hilo kila nikitazama ile katuni. Tunamdhani anayeshika mkono kuwa ndiye mwenye nguvu. Kumbe yule aliyenyoosha mkono sebuleni siku ya Firauni, kaziba macho kwa kiganja kingine, alikuwa anaogopa kama sisi tuliokimbia, pengine zaidi. Yeye woga wake ulielekea kwa mtu, wetu ulielekea mlangoni. Karaji naye ndivyo alivyo. Mwondoe Muriel kwenye ile nyumba na utakuwa na mbwa mwoga tu, chini ya kitanda, mpaka siku anayokufa.

Kuna kisa kimoja, cha msimu wa mwisho, kinachoitwa The Mask, ambacho utotoni sikukishika hata kidogo. Paka aliyevaa barakoa nyeupe anafika Nowhere, anawachukia mbwa wote, anampiga Karaji bila kosa. Polepole unajua kwa nini: rafiki yake, sungura, anashikiliwa mjini na mbwa mkatili anayemdhulumu, na paka alikata tamaa ya kumtoa. Karaji, aliyepigwa, ndiye anayekwenda kumtoa. Hakuna aliyemwomba. Nilikitazama kisa hicho usiku nikiwa jikoni, nikasimamisha simu katikati. Wengi wetu tunamjua sungura wa namna hiyo, yupo mtaani, tunasalimiana naye, anavaa mtandio hadi usoni siku ya joto. Waandishi wa katuni ya watoto walilitazama jambo hilo bila kupepesa macho, na wakasema rafiki anakwenda. Hawakusema ni rahisi. Karaji nusura auawe.

Mwaka 2021 nilisoma kwamba Thea White, mwigizaji aliyempa Muriel sauti, amefariki. Nikakaa kitako. Sauti ile niliijua miaka mingi kabla ya kuelewa neno lake hata moja. Nikampigia bibi simu kumwambia Bibi Miwani ameondoka. Akanyamaza kidogo, akasema, "Inna lillahi," kisha akauliza, "Na mbwa?"

Nikamwambia mbwa yupo.

"Alhamdulillahi," akasema, kwa moyo wake wote.

Yeye mwenyewe aliondoka mwaka uliofuata, alfajiri, nyumbani kwake Ngamiani, baada ya siku chache tu za homa. Nilifika saa tatu asubuhi nikakuta baraza limejaa na jamvi limetandikwa. Uani walikuwa wamekwisha zungushia mashuka. Kitanda kipo, shimo la kupokea maji limechimbwa, kuna ndoo, kuna majani ya mkunazi yaliyotwangwa, kuna karafuu maiti, harufu ya udi imetanda. Mwosha, mama mmoja wa mtaa niliyemjua tangu utoto, akatoka akaniita: "Mjukuu wake, njoo ushike kata. Alisema uwepo."

Alisema niwepo. Nikasimama kwenye mlango wa kutokea uani na miguu ikakataa. Naandika haya kwa ukweli wake: nilimwogopa. Nilimwogopa bibi yangu, aliyenilea, aliyenisubiri mlangoni kila magharibi kwa miaka mingi. Niliogopa nitakachokiona chini ya shuka, niliogopa ubaridi wake, niliogopa kwamba nikishamwona vile sitaweza tena kumkumbuka vingine. Wanawake wakanipita wakiingia na kutoka na maji. Mmoja akaniambia usiogope mwanangu, huyo ni bibi yako. Nikatikisa kichwa kwamba nimesikia. Nikabaki palepale, mguu mmoja ndani, mmoja uani.

Rafiki yangu aliingia kupitia mlango wa mbele, buibui limejaa vumbi la pikipiki, ametoka Makorora bila hata kufunga genge lake. Hakunipa pole. Alisimama kando yangu, akatazama mashuka, nikamsikia anameza mate.

"Sijawahi kuingia," akasema.

"Mimi pia."

Kule ndani mwosha akasema maji yako tayari. Shoga yangu akavua viatu, akakunja mikono ya buibui, akanyoosha mkono nyuma bila kunitazama, ananipapasa hewani. Nikaushika. Kiganja chake kilikuwa kimelowa chepechepe, na maji ya ndoo tulikuwa bado hatujayagusa.